Maji moto ya Songwe ni meupe kabisa ukiyachota, sasa yale mawe yanatoka wapi?

Mjukuu_wa_Mbalizi

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanizungusha kichwa wiki ya pili sasa, naomba wenye ujuzi mnieleweshe taratibu, mimi sayansi niliachia form two.

Nilienda Mbeya msibani, baada ya matanga binamu yangu akanipakia kwenye bodaboda mpaka kwenye zile chemchemi za maji moto za Songwe. Nasema Songwe ile inayomwaga Ziwa Rukwa, sio ile ya mpakani na Malawi maana watu wanazichanganya sana. Basi maji yanatoka kwenye nyufa za mwamba yanafuka mvuke, ukijaribu kuweka mkono unautoa mwenyewe bila kushauriwa. Nikachota kwenye chupa, yalivyopoa nikayaangalia kwenye jua, meupe kabisa, hakuna tope hakuna hata kivumbi kinachoelea. Lakini sasa pale yanapopita KILA KITU kimegeuka jiwe. Nimeona jani limevikwa ganda jeupe na mishipa ya jani bado inaonekana, nimeona kijiti, nimeona mpaka kisoda kimegandia kwenye mwamba ukikivuta hakitoki. Na kuna kidimbwi pembeni maji yake yametulia, juu kuna utando kama ule wa maziwa yaliyopoa, nikaugusa kwa kidole nikijua utajikunja, ukavunjika kama kioo chembamba vipande vikazama.

Binamu anasema ni majivu ya volkano yanapanda na maji. Mama nilipomsimulia akacheka akaniambia mbona hiyo iko humu ndani siku zote, akaniletea birika la chai nione ukoko mweupe ndani. Nani yuko sahihi hapo? Na kama ni majivu mbona chupa yangu ilikuwa safi?

Fundi_Matenki

Ni chumvi tu mkuu. Maji ya ardhini yana chumvichumvi, yakipigwa na jua yanakauka chumvi inabaki, mwaka kwa mwaka inakuwa jiwe. Mimi nafunga matenki ya maji Dar, nyumba za visima utakuta bomba limeziba na kitu hichohicho. Kesi imefungwa.

Mjukuu_wa_Mbalizi

Fundi asante ila kuna kitu hakikai sawa. Ganda liko CHINI ya maji, halijakauka wala haliwezi kukauka maana maji yanapita usiku na mchana. Alafu nilichoshangaa, pale maji yalipotulia ganda ni jembamba, ila pale yanaporuka kijiporomoko ndio nene kweli. Ingekuwa kukauka si ingekuwa kinyume?

Nyundo_na_Lenzi

Mleta mada umeona kitu ambacho wanafunzi wengi wa jiolojia huwa wanaambiwa ndio wanakiona, hongera. Ngoja niweke kikao hapa maana hii mada naipenda, field yangu ya kwanza chuo ilikuwa kwenye mawe ya aina hii.

Fundi samahani, lakini kwa Songwe jua halina kazi kubwa. Fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu hata moja, gesi imo ndani imebanwa imetulia. Fungua, pssss, inatoka mbio. Basi ile chemchemi ni soda iliyofunguliwa. Huko Mbeya na Rungwe chini kuna hewa ukaa nyingi mno inayopanda kutoka kwenye mizizi ya volkano, nyingi kiasi kwamba upande wa Rungwe inavunwa kabisa kwa ajili ya viwanda, ikiwemo vya vinywaji. Kwa hiyo mfano wa soda wala sio mfano, ni gesi ileile.

Sasa maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanashuka chini sana, yanapata moto, yanakutana na hiyo hewa ukaa yanakuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo inatafuna mwamba taratibu, inanyofoa kalsiamu. Kalsiamu ndani ya maji yenye gesi nyingi haina shida, imeyeyuka kama sukari kwenye chai, huioni. Ndio maana chupa yako ilikuwa safi. Mzigo ulikuwemo ila umeyeyuka.

Yakipanda juu mbano unapungua, na yakifika hewani ndio kabisa. Hii hewa tunayovuta ina hewa ukaa kidogo sana, kwenye chembe milioni moja ni kama 420 tu, wakati ndani ya maji ilikuwa imejaa kwa mbano mkubwa. Gesi inakimbia. Ikikimbia, maji yanapoteza ile asidi yake, na maji yasiyo na asidi hayana nguvu ya kubeba kalsiamu yote ile. Kinachozidi lazima kishuke, na kinashuka kama kabonati ya kalsiamu, chokaa kwa lugha ya nyumbani. Kwa hesabu yake, kila chembe moja ya hewa ukaa ikitoroka hewani, chembe moja ya jiwe inazaliwa. Zinakwenda sambamba hivyohivyo.

Na hapa ndio jibu la kijiporomoko chako. Maji yakitulia gesi inatoka kwa uvivu. Yakiruka, yakipiga mwamba, yakitandazika membamba kama karatasi, gesi inatoka kwa kasi, jiwe nalo linajengeka kwa kasi. Tikisa soda uone. Sasa angalia ukingo wa kidimbwi: maji yanapovuka pale juu yanakuwa membamba, gesi inatoka, jiwe linaota kwenye ukingo, ukingo unapanda, kidimbwi kinakuwa na kina zaidi, maji yanatafuta pengine pa kuvukia nako yanajenga. Mwisho unapata ngazi ngazi zenye matuta, ukiziangalia kwa mbali utadhani majaruba ya mpunga ya Usangu, ila hakuna aliyeshika jembe.

Ule utando uliouvunja ni mawe yaliyozaliwa juu kabisa ya uso wa maji, pale ndipo gesi inapotokea. Membamba hivyo hayana uzito wa kushinda ngozi ya maji, kwa hiyo yanaelea mpaka mtu mmoja aje na kidole chake 😂

Mama yako yuko sahihi kuliko binamu. Maji yakichemka kwenye birika hewa ukaa inafukuzwa, chokaa inashuka. Sukari ukiweka kwenye maji ya moto inayeyuka zaidi, chokaa ni mkaidi, maji yakipata moto inayeyuka kidogo zaidi. Fundi hata ukifunika birika maji yasipungue hata kikombe, ukoko utakuja tu.

Fundi_Matenki

Nimesoma yote. Nakubali nusu. Mbona mabomba ya maji ya baridi nayo yanaziba?

Nyundo_na_Lenzi

Nusu inatosha kwa leo. Kisima kikiwa kirefu maji yanatoka na gesi yake, yakipita kwenye pampu na kumwagika ndani ya tenki gesi inatoka, ni kitu kilekile ila polepole. Angalia siku nyingine, ukoko mwingi utaukuta pale maji yanapobadilika ghafla, kwenye koki, kwenye kichwa cha shawa, kwenye koili ya hita. Wanaochimba visima vya mvuke wa umeme hii ndio ndoto yao mbaya, maji yakianza kuchemka ndani ya bomba huko chini gesi inatoka palepale na kisima kinajiziba chenyewe kama mshipa wa mgonjwa.

Bint_Mchoma_Chokaa

Mmenikumbusha babu jamani. Babu yangu alikuwa anachoma chokaa huko huko, mimi na kaka yangu ndio tulikuwa tunapanga mawe kwenye tanuri wakati wa likizo. Unapanga jiwe, unapanga kuni, unapanga jiwe, moto unawaka usiku na mchana na hakuna kulala maana ukipungua jiwe linaiva nje ndani linabaki bichi, tukilipasua babu anakunja uso anasema hili bado lina roho.

Kitu nilichokuwa sikielewi, jiwe likitoka kwenye tanuri ni lilelile kwa ukubwa ila ukilibeba ni jepesi, nilikuwa nadhani ni unyevu umetoka. Kumbe Nyundo hapa ndio unanifumbua, ile "roho" ndio hewa ukaa yenyewe?

Nyundo_na_Lenzi

Dada babu yako alikuwa mkemia bila cheti. Ndio yenyewe. Jiwe safi la chokaa ukilichoma kwenye joto la karibu nyuzi 900, kila kilo 100 zinabaki 56, kilo 44 zote zimeondoka kama hewa ukaa. Kwa hiyo gesi ya lile jiwe imetoroka mara mbili, nusu ilitoroka pale chemchemini jiwe lilipokuwa linazaliwa, nusu iliyobaki imetoroka kwenye tanuri la babu.

Na haijaisha. Mkimwagia maji chokaa inachemka yenyewe inakuwa ule uji mnaopaka ukutani si ndio? Ukutani ikikaa inavuta hewa ukaa kutoka hewani kidogokidogo na kugeuka tena kuwa madini yaleyale yaliyokuwa chemchemini. Ndio maana chokaa iliyokaa miaka haifutiki kirahisi kama ile ya jana.

Bint_Mchoma_Chokaa

Yaani ukuta wa nyumba ya babu ni jiwe la maji moto 😭 haya mambo mngetufundisha mapema.

Kip_wa_Baringo

Sasa wakuu wa TZ, mimi niko Kenya, nyumbani ni karibu na Lake Bogoria. Nina swali inanisumbua nikisoma hii thread. Kwetu maji inachemka kabisa, inaruka juu, watalii wanakuja na mayai wanapikia hapo hapo. Hiyo ni moto kushinda ya Songwe. Lakini hizo majaruba sijui ngazi za mawe meupe sisi hatuna kama hizo zenu, iko maganda kiasi karibu na mashimo, na kuna mawe ya zamani makubwa yamekaa tu hapo kavu. Kama ni moto inafukuza gesi, si Bogoria ndio ingekuwa imejaa mawe?

Nyundo_na_Lenzi

Kip swali lako ni kali na ndio linatenganisha anayejua na anayekariri. Moto peke yake haujengi jiwe. Inahitaji mambo mawili yakutane, gesi ya kutoroka NA kalsiamu ya kushuka. Maji ya Bogoria gesi na bikaboneti (hewa ukaa ikiwa imeyeyuka na kujifunga majini) yanayo ya kumwaga, tatizo lake ni kalsiamu, ni maji yaliyojaa sodiamu. Kalsiamu kidogo iliyopo inashuka palepale kwenye mdomo wa chemchemi maji yanapochemka, ndio hayo maganda unayoyaona, ikishaisha basi, maji yanaendelea ziwani na sodiamu yake. Ukipata kipande cha hayo maganda kipasue uangalie kwa lenzi, mara nyingi ni vitawi vitawi kama unyoya au jani la mkangaga, ni dalili kwamba yaliota haraka mno, hayakupata muda wa kujipanga vizuri.

Hayo makubwa ya zamani yanakuambia kuna kipindi maji yalikuwa mengine au mengi zaidi. Na siku hizi ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, chemchemi nyingi za ukingoni zimefunikwa.

Halafu Fundi njoo hapa, heshima yako inarudi. Hayo maji ya sodiamu yakifika kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea, kama Magadi kule Kenya au Natron kwetu, hapo sasa JUA ndio linafanya kazi. Kalsiamu ilishaondoka mapema, sodiamu na kabonati vinabaki vinazidi kukolea, maji yanakauka, na kinachoganda ni magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Nayo ni madini ya kabonati, ndugu na jiwe la Songwe, na Ziwa Magadi linalishwa na chemchemi za moto pembezoni. Kwa hiyo yote mawili ni kabonati, la Songwe linazaliwa kwa gesi kutoroka na magadi yanazaliwa kwa maji kukauka.

Fundi_Matenki

Kesi imefunguliwa tena na nimeshinda rufaa. Endeleeni.

Kip_wa_Baringo

Hahaha Fundi umeokoka. Shukran Nyundo, hiyo ya kalsiamu imeingia.

Mjukuu_wa_Mbalizi

Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini. Sasa nina kipande nilichookota (kilikuwa kimeshavunjika msinione mwizi). Upande mmoja kina mistari mistari kama mkate wa kuchambuka, mweupe, kahawia, mweupe, kahawia. Upande mwingine kina sindano sindano ndogo zimesimama wima zimebanana kama manyoya ya brashi. Hizo sindano ni madini mengine? Na kuna mtu aliniambia jiwe hili linatoka Mlima Panda maana uko karibu na ni mlima wa chokaa.

Nyundo_na_Lenzi

Kwanza Mlima Panda. Ule ni kabonati kweli lakini ulizaliwa tofauti kabisa, ni kabonati iliyopanda ikiwa imeyeyuka kwa moto wa volkano, ni wa ukoo mmoja na Oldonyo Lengai inayotapika lava nyeusi inayogeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Jiwe lako limezaliwa kwenye maji. Sura zinafanana, wazazi sio hao.

Sindano: kabonati ya kalsiamu inaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja. Chukua matofali yaleyale jenga nyumba mbili za ramani tofauti, moja ni kalsaiti, nyingine ni aragonaiti. Kalsaiti ikivunjika inatoa vipande vyenye pande zilizolala kama boksi lililosukumwa likaegama. Aragonaiti inapenda sindano, na ni nzito kidogo na ngumu kidogo kuliko mwenzake. Kwa kawaida maji yakiwa ya moto, tuseme nyuzi 40 na kitu kwenda juu, au yakiwa na magnesiamu nyingi, au gesi ikitoka kwa fujo, aragonaiti ndio inatokea, huko mbele maji yakipoa kalsaiti inachukua nafasi. Songwe pale kwenye jicho la chemchemi maji yanafika nyuzi 70 na zaidi, kwa hiyo sindano zako sishangai. Ila siapi bila maabara, maana kalsaiti nayo ikiota kwa haraka inaweza kujifanya sindano, na aragonaiti haidumu, ikikaa miaka mingi inajigeuza kuwa kalsaiti polepole huku sura ya sindano ikibaki, kama nyumba iliyobadilishwa wapangaji.

Mistari ni kumbukumbu. Kahawia mara nyingi ni chuma, kinashuka kama kutu maji yanapokutana na hewa. Nyeupe ni kipindi chuma kilipopungua. Maji yanaongezeka masika, yanapungua kiangazi, mkondo unahama, kila badiliko linaacha msitari. Usihesabu mistari ukasema ni miaka, kuna chemchemi zinaweka mstari wa mchana na mstari wa usiku.

Na hapo usiku na mchana ndio wanaingia wadudu, ule utelezi wa kijani na wa chungwa ambao labda uliuona mbele kidogo maji yakishapoa. Ni bakteria wanaokula jua, mchana wanavuta hewa ukaa kwa ajili ya chakula chao, nao wanasaidia kuitoa kwenye maji, na nyuzi zao zinakuwa kama kamba ya kuanikia, chokaa inakaa juu yake. Kuna wanaotaka kuwapa bakteria sifa yote, mimi nawapa sifa ya msaidizi wa fundi. Pale kwenye mdomo ambapo maji yanaunguza, jiwe linajengeka tu.

Tz_Denizli

Nasoma Uturuki, nachangia kidogo. Huku kuna Pamukkale, jina maana yake ngome ya pamba, mlima mzima mweupe wenye majaruba kama alivyosema Nyundo. Maji ni vuguvugu tu kama nyuzi 35, sio ya kuunguza, lakini ngazi zake ni kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, kwa hiyo ile hoja kwamba moto sio kila kitu naiunga mkono kwa miguu yangu. Kwa miguu kweli, maana ukifika unavuliwa viatu. Maji wanayagawa kwa zamu kwenye mifereji, wiki hii upande huu, wiki nyingine upande ule, kwa sababu pakikauka muda mrefu panageuka kijivu panaanza kuchakaa. Wameingizwa UNESCO tangu 1988. Songwe tungeweka hata kamba na ubao jamani.

Bint_Mchoma_Chokaa

Kamba na ubao watauza chuma chakavu kesho yake 😅 na sehemu nyingine wanachimba kwa ajili ya saruji, hilo jiwe ndio mkate wa watu.

Mjukuu_wa_Mbalizi

Kuna namna ya kupima nyumbani kama ni chokaa kweli?

Nyundo_na_Lenzi

Iko. Kwaruza kidogo upate unga, kamulia ndimu au siki. Likitoa povu ni kabonati. Lisipotoa kabisa labda ni silika (madini ya ukoo wa mchanga na kioo), chemchemi nyingine za moto zinajenga silika na kwa macho zinafanana sana. Kulitenganisha na magadi tia kipande kwenye glasi ya maji, magadi yatayeyuka, chokaa itakuangalia tu. Na ile chupa kama bado unayo, ifungue uiache wazi mahali siku kadhaa, angalia kama kuna kitu cheupe kimekaa chini.

Mjukuu_wa_Mbalizi

Mrejesho. Chupa mama alishamwagia maua, basi tena. Unga wa jiwe nimekamulia ndimu, povu limetoka dogo dogo lakini linaonekana wazi na ukisogeza sikio unasikia tsss. Nikatia kipande kwenye glasi na punje ya magadi kwenye glasi nyingine, asubuhi magadi hayapo, jiwe lipo vilevile na sindano zake. Mama kuona ndimu inatoa povu hakuuliza, amechukua zilizobaki tatu akakamulia kwenye birika na maji akachemsha, ukoko umebanduka vipande vipande. Binamu nimemtumia video, amejibu "sawa".

Fundi_Matenki

Suuzeni hilo birika mara mbili kabla ya kuweka maziwa, msije mkapata utando mwingine.